Vyuma Vidogo vya Madirisha ya Kale: Safari ya Tabora na Kwihara



Mgeni aingiapo katika mji wa kale, jicho lake hukimbilia mambo makubwa. Huutazama mlango wa nakshi, huustaajabia ukuta mnene wa udongo, husimama chini ya muembe ulioota kabla ya babu yake kuzaliwa. Ni wachache wanaosogea karibu kutazama kulabu ya dirisha.

Katika makala haya tunataka kumchukua msomaji mpaka Tabora na Kwihara, katika njia ya misafara ya zamani, tumwonyeshe hivyo vyuma vidogo: bawaba zinazoushika ubao wa dirisha katika mwimo wake, komeo linalolifunga usiku, kulabu inayouzuia ubao usipigwe na upepo, tumbuu inayoipokea kulabu hiyo, na nondo zinazoikinga nafasi. Tutaeleza jinsi vyuma hivyo vilivyofika bara, jinsi vinavyofuliwa upya vinapokwisha, na swali zito ambalo kazi hiyo imetuletea.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo madogo mno kuandikiwa makala. Basi na aitazame nyumba ya udongo. Mvua za Tabora huanza kiasi cha mwezi wa Novemba na huendelea mpaka Aprili, na huja pamoja na pepo. Kulabu ikikatika, ubao wa dirisha huanza kupigapiga. Ukipigapiga siku nyingi, misumari ya bawaba hulegea. Bawaba ikilegea, ubao huinama, haufungi tena sawasawa, na maji ya mvua hupata njia ya kuteremka ndani ya ukuta. Udongo ukishalewa maji hubomoka. Mwenye nyumba huona ukuta umelala chini, wala hakumbuki kuwa mambo yalianza kwa kulabu isiyozidi urefu wa kidole. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena dirisha la nyumba zetu lina kazi mbili zinazoshindana. Yatakiwa liingize hewa na mwanga, na papo hapo liwasitiri watu wa nyumbani wasionwe na mpita njia. Ndiyo maana madirisha ya kale yalikuwa madogo, yenye nondo, na mbao zake ziliweza kufunguliwa kidogo zikashikwa na kulabu mahali pale pale zilipowekwa. Chuma kikiharibika, wenye nyumba huchagua mojawapo: ama wafunge wakae gizani, ama wafungue wakae bila ya stara.

CHUMA KATIKA NJIA YA MISAFARA

Njia ya misafara ilianza Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapanda mpaka Mpwapwa, ikaikata nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo. Kutoka hapo iliendelea magharibi, ikapita Uvinza penye chumvi, ikaishia Ujiji katika ufuo wa Ziwa Tanganyika. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Ilikuwa safari ya zaidi ya miezi minne, na sehemu kubwa ya vitu vilivyopanda bara ilipanda juu ya bega la mtu.

Yafaa vijana wetu walizingatie jambo hili. Leo mtu hununua bawaba dukani kwa bei ndogo akaitia mfukoni. Zamani zile, kila ratili ya chuma iliyotoka pwani ilichukua nafasi ya nguo au ushanga katika mzigo wa mpagazi. Kwa hiyo haikuwa akili kuchukua bawaba mia kutoka Unguja. Ilikuwa akili zaidi kumchukua fundi. Burton ameandika kuwa pamoja na misafara mikubwa walipanda wahunzi, mafundi wa bati, waashi, maseremala, washoni, wafinyanzi na wasokota kamba kutoka pwani, kwamba wengi wa mafundi hao walikuwa watumwa, na kwamba ujira wao ulikuwa mkubwa. Fundi alikuja na nyundo, koleo, tupa na maarifa yake, na chuma akakikuta huku huku.

Maana Unyamwezi haikuwa nchi maskini ya chuma. Wahunzi wa Usumbwa, Uha na Ufipa walijua kuyeyusha mawe yenye chuma katika matanuu yao tangu zamani. Majembe yao yaliletwa Tabora kuuzwa, na watu waliyatumia kama fedha, na katika mahari pia. Shaba nyekundu ilitoka mbali zaidi, nchi ya Katanga. Wafanya biashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa waliijua njia ya huko, na mmoja wao, Msiri, ambaye baba yake alikuwa mchuuzi wa shaba, alijenga huko dola iliyoitwa Garenganze, akatawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Ama shaba ya manjano ilikuja kutoka ng'ambo kwa namna ya waya mnene. Waya huo, pamoja na ule wa shaba nyekundu, watu waliuita masango, na ulikuwa bidhaa kubwa ya misafara pamoja na nguo na ushanga.

Basi ukilishika mkononi komeo la kale la Tabora, umeshika vitu viwili vilivyokutana njiani: chuma cha bara na mkono uliofunzwa pwani. Wala hatudai kuwa kila chuma cha kale kilifanywa hivyo. Tunasema kuwa njia ilikuwa wazi kwa vyote viwili, nao wakaaji wa Unyanyembe walivitumia vyote.

NYUMBA YA KWIHARA

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini Tabora, upande wa kusini magharibi. Hapo pana tembe ambalo watu huliita Tembe la Livingstone. Ni nyumba ya kuta nene za udongo, yenye dari bapa iliyofunikwa kwa udongo na ua katikati, na mlango wake wa nakshi ni wa mtindo wa pwani. Nyumba tunayoiona leo imejengwa upya, kwa sababu ile ya awali ilikuwa imebomoka.

Henry Stanley alifika Unyanyembe mwezi wa Juni mwaka 1871, akiwa katika safari ya kumtafuta Dokta David Livingstone. Alipokuwa Kwihara vita vilizuka baina ya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo wa Urambo. Tarehe 22 Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora akateketeza sehemu ya mji. Stanley aliwaamuru watu wake watoboe matundu katika kuta za tembe ili wapate kupenyeza bunduki. Fikiri, ewe msomaji: ukuta ambao madirisha yake yalifanywa madogo kwa ajili ya stara na ubaridi, siku ya hofu ulitobolewa madirisha ya mauti.

Mwezi wa Februari mwaka 1872 Stanley alirudi Kwihara kutoka Ujiji, safari hii akiwa pamoja na Livingstone. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki kungoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti, akaenda zake kusini, asirudi tena hai. Mwezi wa Oktoba mwaka 1873 maiti yake ilipitishwa Unyanyembe na wafuasi wake, Chuma na Susi, wakiipeleka pwani.

Tulipofika na vijana wetu wa chuo, tuliwaambia waache kwanza kusoma maandishi ya ukutani, watazame namna mlango unavyozunguka. Katika milango ya nakshi ya pwani, ubao wa mlango haukuning'inizwa kwa bawaba za chuma. Ubavu wake una ncha mbili, moja juu na moja chini, zinazoingia katika matundu ya kizingiti cha juu na cha chini, na ubao huzunguka juu ya ncha hizo. Chuma cha mlango kilikuwa mnyororo na tumbuu yake, hapo ndipo kufuli lilipotiwa. Fundi asiyejua jambo hili, akatiwa kazini kuutengeneza mlango wa kale, huenda akapiga bawaba nne za dukani na kuona amefanya kazi njema. Mlango utafunguka na kufungika vizuri, lakini kila mtoto atakayeuona baadaye atafundishwa uongo kuhusu namna babu zake walivyojenga.

MJI WENYE MADIRISHA YA NAMNA NYINGI

Mjini Tabora penyewe msomaji atakuta zama zimepangana barabara moja. Zipo nyumba zilizofuata mtindo wa pwani. Zipo nyumba za maduka za wafanya biashara wa Kihindi. Yapo majengo ya zama za Wajerumani, maana reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914. Madirisha ya Kijerumani yana ada yake. Aghalabu yana mbao mbili zinazofunguka nje, na komeo lake ni fimbo ndefu ya chuma iliyosimama. Ukigeuza kipini kilicho katikati, ncha ya juu huingia katika mwimo wa juu na ya chini katika mwimo wa chini kwa mara moja. Ni chombo cha busara, lakini kikikatika kipini, dirisha zima huwa halina maana, na kipini cha namna hiyo hakipatikani tena katika maduka yetu.

Wala mtu asidhani kuwa Tabora haikupata kuwa mji wa mafundi wa madini. Mwaka 1916, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vikiendelea na bahari imefungwa na manowari za Kiingereza, Wajerumani walipungukiwa na sarafu. Wakazipiga hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heller 5 na 20 kwa shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji lilitoka Kongo likautwaa mji. Ikiwa karakana ya Tabora iliweza kupiga dhahabu katika dhiki ya vita, basi kufanya kipini cha dirisha katika siku za amani si kazi ya kumshinda mtu.

KATIKA KIWANDA CHA MHUNZI

Nyumba moja ya zamani ambayo baadhi ya watoto wetu husomea ina madirisha manne ya mbao za mninga, ule mti wa misitu ya Tabora usioliwa upesi na mchwa. Kulabu tatu zilikuwa zimepotea na kipini kimoja kimekatika. Tulikwenda kwa mhunzi mmoja wa mjini, mtu mnyamavu, ambaye hufua majembe, mapanga na milango ya chuma. Wanafunzi wake wawili walitupa shikamoo yetu, naye akatukaribisha akisema, "Karibu Mwalimu, karibu ukae, ila jihadhari na cheche." Tulikaa kwake siku mbili, na tuliyoyaona tunayaeleza hapa kwa utaratibu wake, ili kijana mwenye hamu apate pa kuanzia.

Kwanza, hakuisafisha ile kulabu ya nne iliyosalia. Aliitazama. Akatuonyesha alama za nyundo ubavuni, za tupa nchani, na rangi tatu zilizopakwa moja juu ya nyingine kwa miaka mingi. "Ukiisugua sasa," alisema, "unafuta barua kabla hujaisoma." Kisha aliichora katika karatasi kwa ukubwa wake halisi, akaandika unene wake katika sehemu tano, kwa sababu chuma kilichofuliwa kwa mkono hakina unene mmoja.

Pili, alijiuliza kama kitu kimefuliwa au kimesubiwa. Chuma cha kufua hupungua taratibu kuelekea nchani, na hukusanyika panapopindwa. Kitu kilichomiminwa katika kalibu huwa na mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na upande wake wa nyuma huparuza kama mchanga. Kulabu yetu ilikuwa ya kufua. Kipini kilikuwa cha kusubu, cha shaba ya manjano.

Kwa kulabu alikata kipande cha nondo, akakitia motoni, mwanafunzi akavuta mivukuto mpaka chuma kikawa na rangi ya chungwa bivu. Akakiweka juu ya fuawe, akakivuta kwa nyundo mpaka ncha ikawa nyembamba, akakipinda, akakirudisha motoni. Tundu la kupitia tumbuu hakulitoboa kwa keekee. Alilipiga kwa msumari mnene wa chuma kigumu wakati chuma kingali chekundu. Tulipomwuliza sababu, alisema kuwa keekee huondoa chuma na kuacha kuta nyembamba, ilhali msumari hukisukuma chuma kando, nacho kikavimba kuzunguka tundu kama mdomo wa mtungi. Tulipoitazama kulabu ya zamani tuliuona uvimbe ule ule. Mtu aliyeifua alijua jambo hilo hilo.

Kabla chuma hakijapoa kabisa, alikisugua kwa kipande cha nta. Nta ilitoa moshi, ikaingia katika chuma, na chuma kikawa cheusi cha kung'aa kidogo. Hiyo nta ndiyo kinga yake ya kutu. Na nta ni neema ya Tabora. Nchi hii ni mashuhuri kwa asali, na mizinga imetundikwa katika misitu yake yote.

Ama kile kipini cha shaba kilileta somo jingine. Njia nyepesi ilikuwa kukibandika kipini cha kale katika mchanga wenye unyevu, kukitoa, na kumimina shaba iliyoyeyuka katika nafasi yake. Mhunzi alikataa. Alieleza kuwa shaba ya manjano ikipoa hujikunja, na katika kila milimita 100 hupungua kiasi cha milimita moja na nusu. Kipini kipya kingekuwa kidogo kuliko cha zamani na kisingekaa katika fimbo yake. Na mtu wa baadaye akikifanya kile kipya kuwa kiolezo, cha tatu kitapungua zaidi, na nakshi zake zitafifia. Akachonga kwanza kiolezo cha mti, kikubwa kidogo kuliko kipini chenyewe, akakitumia hicho.

Sisi walimu wa chuo tuliifahamu hoja hii upesi. Mtoto anayenakili kutoka katika ubao wa mwenziwe hunakili na makosa ya mwenziwe, na anayemnakili yeye huongeza yake. Ndiyo maana mwalimu humrudisha kila mtoto kwenye asili.

Mwisho ilikuwa kazi ya kuvifunga vyuma pale dirishani. Hapo alitahadharisha kuwa chuma cha shaba kifungwe kwa parafujo za shaba, na cha chuma kwa misumari ya chuma. Ukivichanganya, kisha unyevu ukaingia baina yao, chuma huliwa upesi na tundu la ubao hupanuka.

NAKALA NA GHASHI

Siku ya pili mhunzi alitueleza jambo lililokuwa likimsumbua. Alikuwa amejiwa na mchuuzi mmoja mpita njia. Mtu huyu alipenda sana kazi yake, akataka afuliwe makomeo na kulabu ishirini. Lakini alitaka baada ya kufuliwa vipakwe maji ya chumvi, vifukiwe ardhini mpaka vishike kutu, apate kuwauzia wageni kuwa ni vyuma vya siku za misafara. Alitoa bei ambayo mhunzi haipati kwa majembe ya mwezi mzima. Tena, kwa nyumba zenye vyuma vya kweli, mchuuzi huyo alikuwa tayari kununua vile vya asili, na kumwachia mwenye nyumba vipya vya dukani.

"Mwalimu," alisema mhunzi, "nina watoto sita. Chuma ni kile kile na mkono ni ule ule. Halali na haramu vimeachana wapi hapa?"

Hili ndilo swali tulilotaka kulifikisha kwa wasomaji, kwa maana halimhusu mhunzi peke yake. Tulimjibu kuwa kufua kitu kwa mfano wa cha kale ni kazi njema, na kila fundi duniani amejifunza kwa kuiga. Chuma chenyewe kimepewa heshima: imo katika Qur'ani Sura iitwayo Al-Hadid, nalo ni jina la chuma, na Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akafanya deraya. Haramu haimo ndani ya chuma, imo katika neno linalosemwa juu yake. Kila mtoto wa chuo anakijua kisa cha rundo la nafaka sokoni Madina, lililokuwa kavu juu na bichi ndani, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkemea mwenye mali kwa kuuficha ule unyevu. Kutu ya kufukia ni ule ukavu wa juu. Mnunuzi hulipia miaka mia na hamsini, naye hupewa wiki tatu.

Na madhara hayakomi kwa mnunuzi. Nyumba iliyonyang'anywa vyuma vyake vya asili imepoteza ushahidi wake, na vyuma hivyo vikishafika katika kabati la mtu wa mbali, hakuna ajuaye tena vilikuwa vya dirisha gani. Serikali imelitambua jambo hili zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja wazi milango ya nakshi na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa.

Mhunzi alinyamaza kitambo. Kisha alichukua patasi ndogo ya chuma, akaigeuza kila kulabu aliyotufulia, akapiga alama yake na mwaka nyuma yake, mahali panapofunikwa na ubao. Kwa mbele, macho hayatambui tofauti na ile ya kale. Atakayeifungua siku moja ataujua ukweli kwa mara moja. Ama yule mchuuzi, tulisikia baadaye kuwa alirudi akaambiwa kwamba makomeo yapo, yanauzwa kwa bei ya makomeo mapya, na kila moja lina alama nyuma. Hakununua.

SWALI LA KIJANA

Tulipokuwa tukirudi kutoka Kwihara, kijana mmoja wa chuo, wa miaka kumi na sita, alituuliza: "Mwalimu, njia hii walipitishwa watu katika minyororo. Mhunzi aliyefua kulabu za madirisha ndiye huenda alifua na minyororo hiyo. Kwa nini tujisumbue kuzitengeneza nyumba za waliouza watu?"

Swali hili si la kukemewa. Ni kweli kuwa pembe na watumwa ndivyo vilivyolipa gharama za nyumba nyingi za njia hii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria mwaka 1922, wakati ambao baadhi ya babu zetu walikuwa hai. Katika waliofanya biashara hiyo walikuwamo watu waliosali na kufunga. Hatuna haja ya kulificha hilo, kwani kulificha pia ni ghashi.

Lakini tulimwomba kijana afikiri: ni nani aliyeifua kulabu ile? Burton amekwisha kutuambia kuwa wengi wa mafundi wa misafara walikuwa wenyewe watumwa. Majina ya matajiri yameandikwa vitabuni. Jina la aliyepiga tundu lile bila ya kulipunguza chuma halikuandikwa popote. Kilichobaki kwake ni alama ya nyundo yake katika kulabu ya urefu wa kidole. Tukiiacha iliwe na kutu, tajiri atabaki katika vitabu na fundi atakuwa ametoweka kabisa. Tukiifua nyingine kwa mfano wake, kwa pigo lile lile na tundu lile lile, tunakiri kuwa alikuwepo na kwamba alikuwa hodari. Na nyumba ikisimama, watoto wataulizana ndani yake maswali kama hili alilouliza yeye. Kijana hakujibu. Kesho yake, baada ya darasa, alikwenda kwa mhunzi kuomba avute mivukuto.

YATUPASAYO

Kwa wenye nyumba za kale, Tabora na Ujiji, Bagamoyo na Unguja, na popote makala haya yatakapofika, tuna maneno machache.

Usikitupe chuma kilichokatika. Kitie katika mfuko, kiandike ni cha dirisha gani, kwani hata nusu yake inatosha kuwa kiolezo. Mchukue mtoto wako mwenye kuandika vizuri, avichore vyuma vya nyumba yenu kwa ukubwa wake halisi na kuvipima, maadamu nyumba ingali imesimama. Lile Jumba la Ajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jengo kubwa namna ile halikuwapa watu muhula wa kwenda kupima. Kila mwaka kabla ya mvua, zunguka nyumba, kaza kilicholegea, paka nta au mafuta penye kutu. Anayekuja kununua vyuma vyako mlangoni, mwulize atavipeleka wapi, na ujue kuwa sheria ipo.

Na kwa vijana: kazi ya uhunzi haijapitwa na wakati. Madirisha ya aluminiamu yameenea na yana faida yake katika nyumba mpya, wala hatuyakatazi. Lakini nyumba ya zamani haiwezi kuvaa nguo ya mwenziwe. Inamhitaji mtu anayejua moto, nyundo na tupa, na aliye mkweli kiasi cha kutia alama yake nyuma ya kazi yake. Watu wa namna hiyo ni wachache hivi sasa, na nyumba zinazowangoja ni nyingi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuhifadhi amana tulizoachiwa, na kusema kweli juu ya yaliyo mema na yaliyo mabaya ndani yake. Wabillahi taufiki.